Swali Langu, Majibu Yao

9 Novemba

Mwalimu wetu wa ukumbi wa kijiji alisema tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Nilijifunza kusoma nikiwa na wajukuu tayari, kwa hiyo msinicheke herufi.

Leo tumepaka kabichi pilipili, kimchi ya kula majira yote ya baridi. Mama Sanggu wa jirani alikuja kusaidia, akaonja, akasema pilipili yangu haina ukali. Nikamwambia kilichokufa ni ulimi wake. Tumemaliza mchana, migongo imekaza, tukala nyama ya nguruwe ya kuchemsha na kimchi mbichi, akaenda na ndoo yake, mpini nimeufunga waya wa buluu.

Giuk mwanangu na mkewe Hyerim walikuwepo. Tulipokaa kula, Giuk akaanza yale yale. Mama, baba ameshakufa. Banda la stroberi ni kazi ya watu wawili. Hamia kwetu mjini Daejeon, ghorofa ya kumi na moja, kuna lifti. Nikamuuliza hiyo lifti inazaa stroberi? Hyerim alicheka, Giuk hakucheka. Mwisho tumekubaliana hivi: msimu huu nalima. Stroberi zikiganda, nauza banda na kuhamia kwao, na sisemi neno. Zikipona, asiyesema neno ni yeye. Nimeandika hapa asije akakana.

Banda ni la nailoni tabaka mbili, na kinachokinga baridi ni pazia la maji. Pampu inavuta maji ya kisima, ambayo hata theluji ikianguka yana uvuguvugu, inayamwaga juu ya nailoni ya ndani usiku kucha. Na kinachoiambia pampu ianze lini ni sanduku alilounda Baba Giuk mwenyewe kabla hajafa, kwa mchoro alioupata kwenye baraza moja la simu, wanakokutana wakulima wanaojitengenezea masanduku na kuulizana maswali. Mimi sikuwahi kuligusa. Alikuwa anazungumza na sanduku kuliko alivyozungumza na mimi.

10 Novemba

Kabla ya kuondoka Hyerim ameniandikisha kwenye hilo baraza.

"Mama, chagua jina. Humu watu hawatumii majina yao."

"Kwani wameiba nini?"

Nimeandikishwa Pyo Geumrye. Ndilo jina langu, ingawa hata Mama Sanggu ananijua kwa Mama Giuk tu.

14 Novemba

Maua yamefunguka mstari wa mbele. Nyuki wako kazini.

17 Novemba

Kamba ya kipimajoto cha sanduku inaning'inia katikati ya mstari na kunipiga usoni kila ninapopita. Nimeifunga juu kwenye chuma. Sasa napita kama binadamu.

21 Novemba

Umande umeganda asubuhi kwa mara ya kwanza. Na sanduku limeharibika. Pampu inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama mtu mwenye kwikwi. Maua matatu ya ukingoni yamekuwa meusi.

Nikaingia barazani nikaandika: "Sanduku limeharibika. Mnijibu kabla ya jioni, nina stroberi."

Akajibu mtu anayejiita Koleo Butu: "Soma tangazo lililobandikwa juu, kisha urudi."

Tangazo! Mtu nyumba yake inaungua anaambiwa asome tangazo. Nikamwandikia: "We mtoto, wazazi wako ndivyo walivyokufunza kumjibu mtu mzima?"

Akajibu: "Mheshimiwa Pyo Geumrye, humu hakuna mtoto wala mtu mzima. Kuna aliyeeleza tatizo lake na asiyeeleza."

Nikampigia Hyerim simu nimshitakie. Akasoma, kisha akasema, "Mama, umewaandikia kama unamwita mbwa."

"Nimeandika kwa kifupi."

"Humu kila mtu anaitwa Mheshimiwa, mama. Hata ukitaka kumtukana mtu unaanza na Mheshimiwa."

"Sasa Koleo Butu ni Mheshimiwa wa wapi?"

"Wa humu humu, mama. Soma hilo tangazo."

Nimelisoma kwa kidole. Linasema: kichwa cha swali kitaje tatizo lenyewe, siyo kulilia msaada. Sema sanduku lako ni la namna gani, tatizo limeanza lini, ulibadilisha nini kabla yake, umejaribu nini mwenyewe. Weka picha. Tafuta kwanza kama wengine walishauliza. Ukijibiwa, rudi useme jibu limefaa au halikufaa. Lilikuwa linaendelea chini, lakini wali ukaanza kunuka, nikaenda kuuepua.

22 Novemba

Nimeandika upya. Kichwa: "Pampu ya pazia la maji ina kwikwi." Nikaweka picha za sanduku ndani na nje. Nimewaita Waheshimiwa, meno yakiniuma.

Mmoja anayejiita Chai Baridi amekuja na maswali. Kwikwi imeanza siku gani? Kipimajoto kinaning'inia wapi? Kuna kitu umekisogeza wiki hii? Nauliza swali moja narudishiwa rundo. Hata daktari wa mjini hanichunguzi hivi. Nimejibu yote kwa sababu jua lilikuwa linazama.

23 Novemba

Ni ile kamba.

Nilipoifunga juu, maji ya pazia yakawa yanakidondokea kipimajoto. Maji yana uvuguvugu, kwa hiyo sanduku linadhani banda zima lina joto, linazima pampu. Kikipoa, linawasha. Chai Baridi amesema nikishushe hadi usawa wa maua, nikifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Nimefanya, kwikwi imekwisha.

Hakuishia hapo. Ameandika pia namna ya kusafisha chujio la kisima, na namna ya kuendesha pampu kwa mkono siku sanduku likifa kabisa. Chini ya mfuniko kuna swichi ya pande mbili, upande mmoja unaendesha pampu moja kwa moja, upande mwingine unamwaga maji yote yaliyo kwenye mabomba. Akanionya nisikosee upande. Na huyo Koleo Butu naye, mwenye ulimi mchafu, ameandika maelezo marefu na kuchora kwa mkono kila waya unakoenda. Mchoro mzuri, sikatai.

24 Novemba

Nimeamka na aibu. Baraza zima limeona kwamba Pyo Geumrye amelima stroberi maisha yake yote, halafu amekinyeshea kipimajoto chake mwenyewe maji. Swali lile lisije likasomwa na mtu wa kijiji hiki. Na zaidi ya hapo, mimi sikulelewa kuacha uchafu kwenye uwanja wa watu. Ukimaliza shughuli unafagia. Nimeandika "Asante, Waheshimiwa," kisha nikabonyeza pa kufutia. Swali lote limeondoka, na yaliyokuwa chini yake. Pamekuwa safi.

30 Novemba

Mvua ya baridi. Nimeshona soksi.

6 Desemba

Stroberi za kwanza! Nimempelekea Mama Sanggu sahani. Akala zote, akasema za mwaka jana zilikuwa tamu zaidi. Yeye banda lake analipasha joto kwa jiko la mafuta, linanguruma kama trekta na kunuka hadi jikoni kwangu.

"Mimi siwezi kuacha mazao yangu mikononi mwa kisanduku," akasema.

"Wewe huwezi kwa sababu huelewi."

"Na wewe unaelewa?"

Nikamwambia naelewa vizuri sana.

11 Desemba

Simu imelia. Mtu anayejiita Mama Mapacha ameniandikia: "Mheshimiwa, lile swali la pampu yenye kwikwi limekwenda wapi? Nililisoma likiwa bichi, leo yangu imeanza vile vile na silioni tena." Giuk amenikataza kujibu watu nisiowajua, maana matapeli wa simu wanaanza kwa kujifanya wanyonge. Sijamjibu.

12 Desemba

Theluji. Nimefagia paa la banda mpaka mabega yamekufa.

22 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Nimepika uji wa maharage mekundu, nikamwekea Baba Giuk bakuli mbele ya picha yake. Pampu inaenda vizuri.

1 Januari

Giuk, Hyerim na watoto wamekuja kunisujudia kwa heshima ya mwaka mpya, kama desturi yetu. Giuk ameingia bandani kutafuta kasoro. Ametafuta sana. Ametoka anatafuna stroberi.

"Bado baridi kubwa haijaja, mama," akasema.

Mtoto gani huyu!

9 Januari

Naandika asubuhi yake, maana jana sikuwa na mkono wa kuandikia.

Jana televisheni ilisema usiku ule joto litashuka hadi nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Nikaenda bandani baada ya chakula cha mchana kukagua. Taa za sanduku zilikuwa zimekufa zote. Nikaligonga. Nikalifungua, nikaona mahali pamekuwa peusi na kunanuka plastiki iliyoungua. Umeme wa banda ulikuwepo, balbu ilikuwa inawaka. Sanduku ndilo lililokufa.

Nikajua la kufanya. Swichi chini ya mfuniko. Nikaweka kidole juu yake, na hapo nikasimama. Upande upi? Maandishi ya Baba Giuk pembeni yake yalishafutika kwa unyevu. Upande mmoja pampu inaendelea. Upande mwingine mabomba yanamwaga maji, na kwa baridi ile yangeganda kabla sijaweza kuyajaza tena. Chai Baridi aliniandikia. Nikafungua simu nitazame. Ndipo nikakumbuka kwamba nimefagia.

Nikauliza upya, safari hii kwa utaratibu wote. Kichwa: "Sanduku limeungua, naomba upande wa swichi wa kuendesha pampu kwa mkono." Picha. Lini. Nimejaribu nini. Waheshimiwa mwanzo na mwisho. Hata mwalimu wangu angenipa alama.

Hakuna aliyejibu. Nikaona kwenye simu kwamba watu wanaingia, wanasoma, wanatoka. Hesabu ya wasomaji inapanda na chini hakuna neno. Kunyamaziwa vile sijawahi. Hata mama mkwe wangu alikuwa ananitukana walau.

Kisha akaja Koleo Butu. Hakuandika kwangu, aliwaandikia wenzake: "Waheshimiwa, huyu ndiye aliyefuta. Mkimjibu atafuta tena."

Nikawaka. "Mheshimiwa Koleo Butu, swali lilikuwa langu. Nimelifuta la kwangu."

"Swali lako. Majibu si yako."

"Nilisafisha. Kwetu mtu anasafisha."

"Mheshimiwa Pyo, yale maelezo niliyaandika jikoni, mkono mmoja nimembeba mtoto ana homa. Unadhani niliandika kwa ajili yako? Wewe nilikuwa sikupendi tangu siku ya kwanza. Niliandika kwa ajili ya atakayekuja baada yako na tatizo lile lile. Ndiyo maana tunajibia hadharani. Mstari wa mwisho wa tangazo unasema hivyo: ukijibiwa usifute."

Mstari wa mwisho. Nilikuwa naepua wali.

Akaendelea: "Chai Baridi alipoona kazi yake imetupwa alisema hajibu tena humu, na hajajibu tangu Novemba. Na Mama Mapacha alikuja mwezi uliopita na kwikwi ile ile, akakuta patupu. Tulipomwelewesha ilikuwa asubuhi na banda lake moja limeganda. Stroberi zote. Mmoja wa mapacha wake ndiye alikuwa anapiga picha, anaandika kwa niaba ya mama yake."

Nikaweka simu juu ya kreti. Niliandika humu tarehe 11 kwamba ni tapeli. Nimerudi kusoma, ndivyo nilivyoandika.

Mama Sanggu akaingia amebeba mablanketi mpaka kichwa hakionekani. Aliona nimesimama bandani bila kufanya kitu, na mimi sisimami bila kufanya kitu.

"Mama Giuk, limekufa?"

"Limekufa."

"Nilisema."

"Ulisema. Tandika hapo."

Tukatandika mstari wa mbele. Mablanketi yakaisha, mistari imebaki. Akasema jiko lake hawezi kulileta, lake mwenyewe anahitaji. Nikamwambia sikumwomba. Akasema mpigie Giuk. Nikasema Giuk atakuja na lori la kuhamisha vyombo. Jua lilikuwa limegusa mlima.

Nikaketi kwenye kreti nikafikiri. Kuomba radhi? Naweza, lakini radhi haimfai Mama Mapacha kitu, hawezi kufunikia maua yake. Kilichopotea ni maneno. Basi nikaanza kuandika maneno.

Niliweka kichwa kile kile cha kwanza: "Pampu ya pazia la maji ina kwikwi." Chini yake nikaandika: Hili ni swali nililouliza Novemba na kulifuta. Nalirudisha kwa kadiri ninavyokumbuka. Kosa lilikuwa langu, nilifunga kamba ya kipimajoto juu kwa sababu ilikuwa inanipiga usoni. Kisha: Mheshimiwa Chai Baridi aliuliza hivi, nikajibu hivi, akasema hivi. Chupa ikatwe kitako, siyo shingo. Chujio la kisima lioshwe kwa mswaki wa meno, siyo kwa waya. Mheshimiwa Koleo Butu alichora waya, na mimi siwezi kuchora alivyochora, ila ulienda hivi. Nikaandika yote, nikivuta pua, glavu nimeivua mkono mmoja na kidole hakisikii. Mama Sanggu alikuwa amenisimamia kichwani akisema, "Mazao yanakufa, we mwanamke unacheza na simu!"

"Nyamaza, nakumbuka."

Nilipofika kwenye swichi nikaandika: "Hapa pamenitoka. Chai Baridi alisema upande upi, mimi sikumbuki. Anayekumbuka aongeze, hata kama si kwa ajili yangu."

Nikatuma.

Akaja Koleo Butu. Safari hii hakuchelewa. "Kwenye mchoro wa baraza ni kulia. Kulia inaendesha, kushoto inamwaga. Nimeweka mchoro wangu tena chini."

Nikaenda kwenye sanduku, nikashika swichi niisukume kulia. Simu ikalia tena mfukoni. Niliitoa kwa sababu tu nilidhani ni Giuk.

Alikuwa Mama Mapacha. "USISUKUME KULIA. Kwako ni kinyume. Nakumbuka Mheshimiwa Chai Baridi aliona kwenye picha kwamba aliyeunda sanduku lile aliigeuza swichi, alama nyekundu ya upande wa kuendesha imekaa kushoto. Nakumbuka kwa sababu nilicheka, nikasema huyu fundi ni wa mkono wa kushoto kama mume wangu. Mheshimiwa Pyo, tazama alama nyekundu iko wapi."

Nikatoa leso nikafuta unyevu. Kadoa kekundu, kushoto.

Baba Giuk alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Mama yake alimchapa utotoni mpaka akajifanya wa kulia mbele za watu, lakini mahali ambapo hakuna anayemtazama alifanya kila kitu kushoto. Nimeishi naye miaka yote ile na sikufikiri. Mpumbavu yule, hata kaburini ananigeuzia mambo.

Nikasukuma kushoto. Pampu ikakohoa. Kimya. Ikakohoa tena. Kisha maji yakaanza kukimbia juu ya nailoni, mstari mmoja, mistari miwili, mpaka mwisho wa banda, na mvuke ukapanda. Mama Sanggu akasema, "Ala!" Akaketi juu ya blanketi lake na kuponda mche.

10 Januari

Maua ya mstari wa mbele karibu na mlango yameganda, chini ya mablanketi ya Mama Sanggu. Mengine yote yamepona. Giuk amepiga simu tangu alfajiri. Nimemwambia yuko huru kuja kuhesabu.

Nimerudi barazani kusema: "Kushoto imefaa. Pampu inaenda. Sanduku langu limegeuzwa, lenu huenda halijageuzwa, tazameni alama nyekundu kwanza." Tangazo ndivyo linavyotaka, na sasa nimelisoma lote, mpaka chini.

13 Januari

Nimemwandikia Mama Mapacha aniambie anakoishi nimtumie kreti ya stroberi. Nikasema pia kwamba ile tarehe 11 nilimdhania tapeli, na kwamba asingepoteza banda kama nisingefuta.

Amejibu jioni. "Mheshimiwa Pyo, ni kweli, nisingepoteza. Bado nina hasira. Usinitumie stroberi, hapa nyumbani kwa sasa hatutaki kuziona. Liache tu swali lisimame."

Nimesoma mara nyingi. Amesema sawa.

20 Januari

Sanggu, mtoto wa Mama Sanggu, amekuja kunibadilishia kile kipande kilichoungua, kwa mchoro wa Koleo Butu. Anamsifu mchoraji. Nikamwambia mchoraji ana ulimi mchafu lakini mkono safi.

27 Januari

Giuk amekuja. Amezunguka banda. Ameona. Hakusema neno, kama tulivyokubaliana. Hyerim alimsemea: "Kwa hiyo, mama, mwaka ujao utaongeza mistari?"

3 Februari

Chai Baridi amerudi. Hakusalimu wala kueleza alikokuwa. Ameandika tu chini ya swali langu: "Naona limerudi. Kuhusu chujio Mheshimiwa Pyo amekosea kidogo, lioshwe kutoka ndani kwenda nje. Nimerekebisha." Nikaandika: "Asante, Mheshimiwa." Safari hii meno hayakuuma.

8 Februari

Bei ya mafuta imempiga Mama Sanggu. Jiko lake halingurumi tena. Nimemuuliza sasa anapasha joto kwa kitu gani. Akasema hayanihusu.

12 Februari

Leo asubuhi barazani kuna swali jipya. Muulizaji anajiita Ua la Kusini. Ameandika: "Kisanduku kimegoma. Nisaidieni upesi!!" Basi. Hakuna lini, hakuna nini. Chini ameweka picha moja, imetikisika, na pembeni ya picha kuna ndoo ya kimchi yenye mpini uliofungwa waya wa buluu. Waya ule nimeufunga mimi, Novemba.

Nimecheka mpaka nimeshika ukuta.

Ningeweza kutoka mlangoni, nipite kwenye pengo la ua, nimwambie: Mama Sanggu, we mnafiki, umenunua kisanduku kwa siri, na kipimajoto umekifunga juu ya chuma kama nilivyofanya, nakiona kwenye picha. Ingekuwa kazi ndogo. Nilishavaa hata viatu. Kisha nikafikiri, nikimwambia kule uani, atakayeuliza kesho atasikia wapi? Nikavua viatu.

Nikaandika: "Mheshimiwa Ua la Kusini, karibu. Kimegoma vipi? Kimeanza lini? Kabla ya hapo ulisogeza nini? Soma tangazo lililobandikwa juu, na ulisome lote, mpaka mstari wa mwisho. Wakati unasoma, shusha hicho kipimajoto hadi usawa wa maua, ukifunike kwa chupa iliyokatwa kitako. Habari kamili iko kwenye swali langu la Novemba, nimeweka hapa chini njia ya kulifikia. Ukimaliza rudi useme kama imefaa. Na ukilifuta swali hili, nitakuja mpaka kwenu."

Nikatuma, nikafungua dirisha kidogo. Upande wa pili wa ua simu ikalia. Kisha nikamsikia Mama Sanggu akimfokea mwanawe: "Sanggu! Hebu njoo usome! Humu ndani kuna kibibi kimoja kikorofi, hakinijui hata kidogo, kinanifundisha adabu!"

Nimefunga dirisha. Chai imechemka. Baadaye nitaenda kutazama kama amejibu.

Jioni

Amejibu. "Imefaa. Asante, Mheshimiwa." Hajafuta.